Nani Kaona Ahadi Yangu?

Saa tatu usiku, sahani za ugali na mlenda zikishaondolewa mkekani, simu za Makole, jijini Dodoma, huanza kulia moja baada ya nyingine. Ni kamati ya harusi. Mweka hazina katuma orodha: majina arobaini na kitu, kila jina na ahadi yake, kilichotolewa na kilichobaki. Aliyemaliza kapewa tiki ya kijani. Aliyeahidi laki moja akatoa elfu ishirini naye yumo, na ile elfu themanini iliyobaki inasomwa na mashemeji, wafanyakazi wenzake bwana harusi, na jirani wa zamani ambaye hakuna anayekumbuka nani alimuunga.

Orodha hiyo haiishii Dodoma. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo, jiji limejaa familia zenye mguu mmoja huku na mwingine kule: baba yuko ofisini Dodoma, mama na watoto wamebaki Dar es Salaam, bibi yuko Kongwa au Kondoa. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefupisha safari, ila hakuna anayeipanda kila jioni ili kula na wanawe. Sebule ya familia hizi ni kikundi cha WhatsApp.

Ni sebule kubwa. Tangu mwaka 2022 kikundi kimoja kinaweza kubeba watu 1,024, idadi inayotosha ukoo mzima na wakwe zake. Ujumbe wenyewe husimbwa tangu unapotoka simu moja hadi unapofika nyingine, utaratibu uliokamilishwa mwaka 2016, hivyo hata kampuni inayomiliki huduma haiwezi kusoma kilichoandikwa. Hapo ndipo wengi hupata usingizi wa bure. Kufuli hilo humzuia mtu wa njiani. Shangazi aliyemo ndani, mwenye kidole chepesi cha kufowadi, halimhusu.

Na kinachofowadiwa ni kingi. Kichanga cha saa mbili tangu kuzaliwa, nyuma yake ukutani jina la hospitali. Baba mzee kitandani, dripu mkononi, shuka limeteleza. Matokeo ya mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho, yaliyotumwa na mjomba kwa nia njema kabisa ya kuomba ushauri. Kisha picha ya muamala wa simu, imetumwa kuthibitisha mchango, na aliyeituma kasahau kwamba mstari wa mwisho unataja salio lake. Siku hiyo hiyo anaanza kupokea salamu kutoka kwa binamu waliopotea miaka.

Tusijifanye kwamba zamani mambo yalikuwa ya siri. Barua kutoka Dar es Salaam ilifika kwa sanduku la posta la shule au kanisa, na mara nyingi ilisomwa kwa sauti na mtoto aliyejua kusoma, watu wamezunguka. Kila mtu alisikia. Tofauti ni kwamba barua ile ilikuwa moja, na ikishakunjwa ilirudi chini ya godoro.

Katiba ya nchi, ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Utekelezaji ulikuja taratibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 3, 2024. Miongoni mwa taarifa ambazo sheria hiyo inaziita nyeti zimo za afya, za watoto na za miamala ya fedha. Yaani karibu kila kinachopita kwenye kikundi cha familia kwa wiki moja! Lakini jicho la sheria limeelekezwa zaidi kwa hospitali, shule, benki na kampuni zinazokusanya taarifa za watu. Shangazi anabaki kuwa kesi ya kikao cha ukoo.

Penye maumivu zaidi ni pale wawili hawa wanapokutana, kampuni na ukoo. Mtu kabanwa na ada, anapakua programu ya mikopo ya papo kwa papo. Programu inaomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizo kwenye simu. Anabonyeza kubali bila kusoma, kama tunavyobonyeza wote. Akichelewa kulipa siku chache, ujumbe unamfikia mama mkwe, bosi na mchungaji: fulani ni tapeli, kakuandika wewe mdhamini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za aina hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mama mkwe hakukopa wala hakubonyeza chochote. Namba yake ilitolewa na mkwewe.

Zipo kinga ndogo. Tangu mwaka 2019 mtumiaji wa WhatsApp anaweza kuchagua nani amuunge kwenye vikundi, na kwa kupiga *106# mtu huona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kujitoa kikundini nako kunawezekana, ila ukilefti kikundi cha familia usiku, asubuhi utaulizwa umegombana na nani.

Orodha ya michango ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu uwazi wake una kazi. Unamlinda mchangiaji dhidi ya mweka hazina mjanja, na unamlinda mweka hazina dhidi ya maneno. Unawasukuma pia wazito wa kutoa. Tuseme ukweli, hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Mweka hazina anaweza kabisa kutuma jumla peke yake, kisha kila mmoja akapewa hesabu yake pembeni. Akijaribu, haitapita dakika tano kabla mtu hajaandika, “Mbona hatuoni nani katoa?” Na anayeuliza, mara nyingi, ni yule aliyemaliza ahadi yake siku ya kwanza na anaitaka tiki yake ya kijani.