Farasi kwenye Ubao

(Muziki unashuka)

MTANGAZAJI: Leo tunachora kwa moto. Rangi haihitajiki: msumari mnene wenye mpini wa mti, na mkaa, basi.

Huku Rumonge tunajua ng'ombe na mukeke. Farasi ni wachache mno. Ugonjwa wa mbung'o uliwazuia kuenea sehemu kubwa ya Afrika ya kati. Kwa hiyo angalia usichore ng'ombe asiye na pembe! Ukwato wa farasi ni mmoja mzima. Wa ng'ombe umepasuka. Mkia wa farasi una singa ndefu toka juu. Wa ng'ombe una kishungi mwishoni tu.

Chagua ubao mkavu, mweupe. Anza na penseli. Ukipitisha chuma haraka, unapata rangi ya kahawia, ukikawia, nyeusi. Usikandamize. Singa za shingo zichore kwa ncha, tumbo liache jeupe.

Fanyia kazi nje, mbali na turubai, ndoo ya maji kando. Ubao uliopakwa rangi usiuchome, moshi wake ni sumu. Watoto wakae mbali. Cheche moja inaweza kumaliza safu nzima ya nyumba zetu.

Tusikilizane kipindi kijacho.

(Muziki unapanda)