Kabla ya Kuomba Maji Mapya, Tuulize ya Zamani Yanapotelea Wapi

Kila kiangazi Mombasa twaulizana serikali itatuletea lini maji zaidi. Swali langu ni jengine: haya tunayoletewa yanaishia wapi?

Maji ya chemchemi za Mzima husafiri kilomita zipatazo 220 kutoka Tsavo, kwa paipu iliyolazwa miaka ya 1950. Kila lita inayofika imeshagharimiwa. Ikipotea mtaani, hasara hurudi kwenye bili ya yule anayelipa. Kwa Kenya nzima, maji yanayozalishwa yasilete mapato yamekuwa yakizidi asilimia 40. Yaani katika kila mitungi kumi, minne haina mlipaji.

Si yote yanayovuja. Mengine huibwa, na mengine hutumiwa ila mita haihesabu, kwani mita ikizeeka hukwama kwa mchanga na chumvi, isisogee maji yanapopita polepole. Kwenye mgao huwa kinyume: maji yakirudi baada ya siku kadhaa hutanguliwa na upepo, na upepo huo huzungusha mita. Wanaosema wanalipia upepo hawajazua.

Tena paipu ikiwa tupu, tundu lililokuwa likitoa maji hunyonya uchafu wa nje. Penye vyoo vya shimo karibu, kipindupindu hupata njia. Ndiyo maana sioni haki mtu akatiwe maji kwa deni upesi, na paipu iliyopasuka barabarani ingoje wiki.

Dawa inajulikana. Hufungwa mita kubwa mtaa unapoanzia, kisha hesabu yake hulinganishwa na jumla ya mita za nyumba. Pia hupimwa saa nane za usiku, watu wamelala. Yakipita mengi, yanavuja. (Hapa kwetu kipimo hicho chataka uangalifu, kwani ndiyo saa tunayojaza matangi!)

Nyumbani nako pana la kufanya. Usiku funga mifereji yote na koki ya tangi, andika namba za mita, kisha zisome alfajiri kabla mtu hajateka maji ya udhu. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja baada ya mita, na hapo fundi ni wa kumwita wewe. Tazama boya la choo kwanza. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde humwaga karibu lita 20 kwa siku, mitungi 30 kwa mwezi.

Zisiposogea na bili bado ni kubwa, ipime mita yenyewe. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hivyo mitungi mitano ya lita 20 yafaa isogeze sehemu moja ya kumi ya uniti. Ikizidi sana, piga picha namba za kabla na baada, uzipeleke ofisini pamoja na barua ya kutaka mita ipimwe, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.