Umeme Unaoinua Wayo Baada ya Kiharusi

Kiharusi, maradhi yanayotokea damu inapozuiwa kufika sehemu fulani ya ubongo au mshipa wa ubongoni unapopasuka, mara nyingi humwachia mgonjwa udhaifu wa upande mmoja wa mwili, na hata anapoweza kusimama tena, wayo wa upande huo huning'inia, vidole vikaburuta chini kila anapopiga hatua. Humlazimu basi kuinua nyonga na kuzungusha mguu kwa nje ili asijikwae, mwendo unaomchosha upesi na kumweka katika hatari ya kuanguka. Hata hivyo neva za mguu na misuli yake bado ni hai. Kilichokosekana ni amri ya ubongo, na pengo hilo ndilo umeme mdogo unaloweza kuliziba.

Mwaka 1961 Wladimir Liberson na wenzake nchini Marekani walieleza kifaa kilichotumia swichi iliyowekwa chini ya kisigino ndani ya kiatu. Kisigino kilipoinuka, mipigo mifupi ya umeme ilipita katika elektrodi, yaani vipande vya kupitishia umeme vilivyogusa ngozi, ikaiamsha neva inayopita upande wa nje chini kidogo ya goti, nayo ikaikaza misuli ya mbele ya muundi hata wayo ukainuka. Kisigino kilipokanyaga tena, umeme ulikatika. Thamani yote ya kifaa imo katika kulenga wakati huo, kwa kuwa msuli uleule ukikazwa kwa kuchelewa huvuruga hatua badala ya kuisaidia.

Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1997 na kuhusisha wagonjwa 32, waliotumia kifaa pamoja na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, waliongeza kasi ya kutembea kwa asilimia 20.5, na waliopata mazoezi peke yake kwa asilimia 5.2; lakini kifaa kilipozimwa, nafuu hiyo haikuonekana. Ni haki mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi kabla ya kutumia fedha zake, na aelezwe pia kwamba gango la plastiki linaloshikilia kifundo cha mguu lilitoa kasi inayokaribiana na ya umeme katika tafiti kubwa zaidi za Marekani. Aliyepandikizwa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo hana budi kupata kwanza idhini ya daktari wa moyo.