Dili ya 1787: Meli kwa kaskazini, watumwa kwa kusini

Ukitajiwa Katiba ya Marekani, huenda unawaza uhuru na haki. Sawa. Lakini ndani yake kuna dili moja chafu, na ni vyema uijue.

Ni Agosti 1787, mjini Philadelphia. Wajumbe wamefunga milango wanaandika katiba. Majimbo ya kaskazini kama Massachusetts yanaishi kwa meli na biashara, na yanataka Congress itunge sheria za biashara kwa zaidi ya nusu ya kura tu. South Carolina na Georgia, huko kusini, zinaishi kwa mashamba ya mpunga yanayolimwa na watumwa. Zinahofia kaskazini itatumia sheria hizo kuwapandishia gharama ya kusafirisha mazao, kwa hivyo zinadai thuluthi mbili. Tena zinatisha: mkizuia watumwa kuletwa, sisi hatumo.

Unadhani kaskazini walisimama kidete? Wapi! Waliingia kwenye kamati wakapatana. Kusini waachane na thuluthi mbili, kaskazini wafumbie macho watumwa.

Kamati ilipendekeza biashara hiyo isiguswe hadi 1800. Mnamo Agosti 25, Charles Cotesworth Pinckney wa South Carolina akataka isogezwe hadi 1808. Na nani alimuunga mkono? Nathaniel Gorham wa Massachusetts! James Madison alionya kwamba miaka 20 inatosha kuleta madhara yote yanayoogopwa. Hawakumsikiza. Hoja ilipita, majimbo 7 kwa 4.

Virginia ilipinga, ila usiipigie makofi bado. Pinckney alikuwa ameshasema wazi kuwa Virginia ina watumwa wa kutosha, na uagizaji ukikoma bei yao itapanda.

Sasa ona ujanja. Kifungu chenyewe hakina neno "mtumwa" popote. Kinasema "watu", kisha kinaruhusu ushuru usiozidi dola 10 kwa kila kichwa. Ni mtu gani huru anayetozwa ushuru kama gunia?

Marufuku ilianza Januari 1, 1808. Kabla ya hapo, South Carolina ilikuwa imefungua tena biashara hiyo mwaka wa 1803, na makumi ya maelfu ya Waafrika wakashushwa Charleston. Hao ndio waliolipia miaka ile 20.

Basi ukisikia wakubwa wameafikiana, usishangilie kwanza. Uliza ni nani hakuwa mezani.