Kujifunza Kuchora Sura kwa Kumfuata Vermeer

Msichana mwenye Hereni ya Lulu, picha aliyoichora Johannes Vermeer nchini Uholanzi takriban mwaka 1665, ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani: kimo chake ni sentimita 44.5 na upana 39. Lakini mwanafunzi wa rangi za mafuta anayejaribu kuinakili hugundua upesi kwamba ana kazi kubwa.

Wengi hutamani kuanza na midomo myekundu au kilemba cha buluu. Vermeer hakuanza hapo. Mwaka 2018 watafiti waliichunguza picha hiyo kwa eksirei na kamera maalumu katika jumba la makumbusho la Mauritshuis, mjini The Hague. Walibaini kwamba alitangulia kupanga mwanga na kivuli kwa rangi za kahawia na nyeusi. Sehemu ya nyuma, ambayo leo ni giza tupu, ilikuwa pazia la kijani. Nayo hereni haina hata kitanzi cha kuishikilia sikioni: ni madoa machache ya rangi nyeupe, na jicho la mtazamaji ndilo linaloyafanya yawe lulu.

Hapo ndipo ilipo faida ya kunakili. Anayetazama tu huona lulu. Anayenakili hana budi kujua kila doa limekaa wapi, na kwa nini moja ni kali na jingine hafifu.

Rangi za mafuta pia hufundisha subira. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hayakauki kwa kugeuka mvuke kama maji. Huganda taratibu yakivuta oksijeni ya hewani, na tabaka moja huweza kuchukua siku kadhaa. Ndiyo maana matabaka ya chini hupewa mafuta kidogo na ya juu mafuta zaidi. Mpangilio huo ukigeuzwa, tabaka la juu hukauka kabla ya la chini, na picha hufanya nyufa.

Mabingwa nao walinakili. Mchoraji Rubens alikuwa amevuka miaka 50 alipokaa Madrid mwaka 1628 na 1629 akinakili kazi za mchoraji Titian. Jumba la makumbusho la Louvre, jijini Paris, limewakaribisha wanakili tangu lilipofunguliwa mwaka 1793, kwa masharti: nakala isilingane kwa ukubwa na picha ya asili, wala sahihi ya mchoraji isiigwe.

Anayetaka kuanza achague sura moja na turubai ya ukubwa tofauti. Apange kwanza mwanga na kivuli kwa kahawia, asubiri ikauke, ndipo aiguse ngozi. Akimaliza, aandike nyuma ya turubai jina lake na la mchoraji aliyemfuata.