Hisia katika Muziki wa Mashine: Vangelis na Blade Runner

Wapo wenzetu wanaoshikilia kuwa muziki wa sinthesaiza hauna roho. Eti kinanda cha umeme ni mashine tu, na mashine haiwezi kumliza mtu. Napingana nao, na ushahidi wangu ni albamu moja: Blade Runner ya Vangelis, mwanamuziki Mgiriki aliyefariki mwaka 2022. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Ridley Scott, ilitoka 1982, lakini albamu hii ilichelewa hadi 1994.

Tuanze na fani. Ala kuu ni Yamaha CS-80. Vinanda vingi vya umeme vya enzi hizo havikujali umebonyeza vipi. Sauti ilikuwa ileile. CS-80 ilikuwa na tabia nyingine. Kila kitufe kilipokea uzito wa kidole chake hata baada ya sauti kuanza kulia. Ukikandamiza zaidi, sauti inang'aa au inatetemeka. Palikuwa pia na utepe wa kutelezesha kidole, sauti ikapanda na kushuka bila kuruka, kama kilio. Kwa hiyo kinachotuchoma si umeme, ni mkono. Isitoshe, Vangelis hakutunga kwa kuandika nota. Aliitazama picha huku akipiga, studioni kwake London. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunaijua hali hiyo: kutunga na kutenda ni kitu kimoja.

Je, maudhui? Filamu inauliza kama viumbe waliotengenezwa wanaweza kuhisi. Rachael anaamini kumbukumbu zake za utotoni ni zake, kumbe amepandikizwa. Sasa sikiliza "Memories of Green": piano inayosikika kama imelegea nyuzi, huku vimlio vya mashine vikidondoka pembeni. Kinaya ni kwamba kipande hicho hakikutungiwa filamu. Kilikuwamo tayari katika albamu yake See You Later ya 1980. Yaani hata muziki wa kumbukumbu nao umepandikizwa! Na bado unauma. Hapo fani na maudhui vimeoana kabisa.

Mtu atasema: hiyo ni piano, na katika "Love Theme" kuna saksafoni ya Dick Morrissey, basi hisia zinatoka kwenye ala za kawaida. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini ufunguzi wa filamu hauna saksafoni. Kinanda ndicho kinachoubeba, na upweke wa jiji lile unausikia kabla hujamjua mhusika hata mmoja. Tena, katika "Rachel's Song" Mary Hopkin anaimba bila maneno. Binadamu ananyimwa lugha, mashine inaachiwa nafasi ya kusema. Nani hapo ndiye mashine?

Kasoro ipo. Vipande vya mazungumzo ya filamu vilivyotiwa kwenye albamu wakati mwingine vinamwelekeza msikilizaji ahisi nini, mahali ambapo muziki ungetosha wenyewe.

Hata hivyo, kuuliza kama ala ina roho ni kupotea njia. Kalamu nayo haina roho, lakini hakuna anayeilaumu kalamu kwa shairi bovu. Tumhukumu msanii kwa alichokifanya na chombo alichokishika, kiwe cha ngozi, cha mti au cha umeme.