Kiini cha Linux na Viendeshi vya USB

Mwanafunzi achomekapo flashi katika kompyuta, hudhani kwamba hapakuwa na shughuli yoyote. La hasha! Kila kifaa cha USB hubeba namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, kila moja ya biti 16. Kiini cha Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huzisoma na kuzilinganisha na orodha za viendeshi, yaani programu zijuazo lugha ya vifaa. Vingi hutambulikana kwa jamii tu: 03 ni kibodi na vipanya, 08 ni hifadhi.

Taabu ni kwamba vifaa vingine husema uongo. Kimoja huulizwa namba ya sekta yake ya mwisho, kikataja idadi ya sekta zote. Kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, kompyuta hutafuta sekta isiyokuwako! Ndiyo maana kiendeshi cha hifadhi kina daftari la vifaa vikaidi, pamoja na dawa ya kila kimoja.

Viendeshi hivyo hutunzwa ndani ya Linux yenyewe, na abadilishaye utaratibu wa kiini hutakiwa kurekebisha vyote vinavyoutegemea. Kiendeshi kilichobaki nje hakina mlezi huyo. Kiini kikibadilika, kipimo cha maabara ambacho hakijaharibika hata kidogo huweza kukosa kazi.